Naomba ushauri: niache maboksi mapya ya kadi za besiboli nihamie za zamani?

Mtu wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Najua wengi hapa ni watu wa kandanda, ila nimeona uzi wa stempu na ule wa sarafu za mkoloni umechangiwa vizuri, nikasema ngoja na mimi nilete la kwangu. Msinipige mawe.

Nipo Pittsburgh mwaka wa nane, napiga shifti za usiku. Kijana wangu ana miaka 12, na tangu Paul Skenes aanze kurusha mpira pale Pirates, timu ya besiboli ya hapa, mwaka 2024, nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye kadi, zile zenye picha za wachezaji. Tulianza na pakiti mojamoja, tukahamia kwenye maboksi. Juzi nimekaa na risiti mezani: tangu tuanze nimetoa dola 1,430. Kadi nilizofanikiwa kuuza zimerudisha dola 310. Zilizobaki zipo kwenye ndoo ya rangi chini ya kitanda, na ndoo imejaa.

Kilichotuponza ni ile kadi ya Skenes yenye saini yake na nembo iliyoshonwa kwenye jezi ya mechi yake ya kwanza. Ilitolewa moja tu, ikamwangukia mtoto wa miaka 11 kule Kalifonia. Pirates wakaahidi tiketi mbili za msimu kwa miaka 30, familia ikakataa, kadi ikapigwa mnada Machi 2025 ikafika dola milioni 1.11. Toka siku hiyo, tukifungua boksi kijana anabana pumzi. Na mimi nabana, nisiwadanganye.

Sasa Jumamosi tulikwenda kwenye maonesho ya kadi, ukumbi wa hoteli. Kuna mzee ana meza kule mwisho, hana taa za kumetameta wala muziki. Akanipa mkononi kadi ya kampuni ya Topps ya 1966 ya Roberto Clemente, nyota wa zamani wa Pirates. Pembe zimelika, mkunjo umepita begani, nyuma kuna doa kama la chai. Ila jina limeandikwa "Bob Clemente". Bob! Mzee akanieleza kuwa kuanzia 1957 hadi 1969 Topps walikuwa wakimwandika hivyo, na mwenyewe, mtu wa Puerto Riko, alikuwa anataka aitwe Roberto. Wakuu, mimi kazini msimamizi ananiita Ray. Jina langu ni Ramadhani. Nimesimama pale na ile kadi mpaka kijana akaanza kunivuta shati.

Bei dola 70. Sikununua, niliogopa kupigwa, maana za zamani sizijui kabisa. Ndiyo nawauliza: nihamie huko moja kwa moja? Na mtu kama mimi anajuaje kuwa hajauziwa mbuzi kwenye gunia? Kijana anasema hizo ni kadi za mababu.

Ngosha wa Houston

Nimeweka kiti hapa, ngoja waje wenye uzoefu.

Mama Salha

Dola 1,430? Kaka, hayo ni mabati ya nyumba nzima Muheza. Haya endeleeni.

Mtu wa Ngamiani

Dada, nyumba ya Muheza ina bati tayari. Ndiyo maana nina ujasiri wa kuuliza.

Kadi na Kahawa

Pole na ndoo, mkuu. Mimi nilikuwa nazo mbili.

Anza kwa kujiuliza kwa nini ya zamani ina bei. Zile kadi hakuna aliyezitengeneza ziwe mali. Zilikuwa chambo cha kuuzia bigijii. Mtoto ananunua pakiti, anatafuna bigijii, kadi anaibana kwenye spoki za baiskeli ilie kama pikipiki, zilizobaki mama anazifagia siku anahama nyumba. Hata kampuni yenyewe ilizitupa. Sy Berger wa Topps alisimulia kwa mdomo wake jinsi mwaka 1960 walivyopakia kwenye tishari makasha ya kadi za 1952 zilizowadodea, wakaenda kuzimwaga Atlantiki. Kwenye mzigo ule zilikuwemo za Mickey Mantle, nyota wa enzi hizo. Mantle mmoja wa 1952 aliyesalia karibu kama mpya aliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022.

Kadi za leo hazipati nafasi ya kupotea. Zinatoka kwenye pakiti, zinaingia kwenye plastiki dakika hiyohiyo. Uhaba wake umepangwa kiwandani: za dhahabu watatoa 50, za rangi ya chungwa 25, nyekundu 5, halafu ile moja inayotajirisha watu kwenye habari. Na mwakani wanapanga upya. Wewe na kijana mlikuwa mnacheza bahati nasibu yenye picha nzuri.

Lakini neno "zamani" lisikuleweshe. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 si zamani, ni mafuriko. Wamarekani walishasikia kadi zinalipa, kila mtu akanunua maboksi akafungia gereji asomeshee watoto chuo, na kampuni nazo zikachapa bila breki. Watoto wamesoma kwa mkopo, maboksi yapo. Mtu akikuita gerejini kwake akuonyeshe kadi za 1988, kunywa soda yake, shukuru, ondoka. Kwangu mimi mpaka ni 1973, mwaka wa mwisho Topps kutoa kadi kwa mafungu msimu ukiendelea. Mafungu ya mwisho yalikuwa yanaingia dukani watoto wameshahamia kwenye mpira wa Kimarekani, hivyo yalichapwa machache. Ndiyo maana kwenye seti nyingi za enzi hizo mchezaji wa kawaida mwenye kadi ya namba kubwa, yaani ya mafungu ya mwisho, anamzidi bei mchezaji mzuri mwenye kadi ya namba ndogo.

Kuhusu kupigwa. Mkunjo usikutishe, umeshahesabiwa kwenye bei. Kadi ya kuogopa ni ile inayoonekana kijana kuliko umri wake. Mwaka 2016 nilinunua mtandaoni Clemente wa 1971. Seti ya mwaka ule ina kingo nyeusi, na zile kingo humomonyoka hata ukizitazama vibaya. Yangu ilikuja nyeusi tii, pande zote nne, nikafurahi kama mjinga. Usiku nikaiinamisha chini ya taa ya mezani. Ubavuni, pale karatasi inapopaswa kuwa nyeupe, wino ulikuwa umenywewa ndani kama chai kwenye mkate. Mtu alipita na kalamu ya maki. Muuzaji hakuwahi kujibu ujumbe wangu.

Tangu hapo sisogei bila vitu viwili. Cha kwanza ni lenzi. Picha za enzi zile ukizikuza unaona vitone vya rangi vimepangana, lakini herufi nyeusi za jina zimejaa wino, kingo zake kali. Nakala ya skana mara nyingi hata herufi zina vitone. Cha pili ni kadi ya bei ya karanga ya mwaka uleule, mchezaji yeyote asiye na jina. Tangu 1957 kadi za kawaida za Topps ni inchi 2.5 kwa 3.5. Ilaze yako juu ya ile unayouziwa. Yako ikizidi upana wa uzi upande mmoja, ujue kuna mtu alikata pembe zilizolika. Ukifika kwenye fedha nzito, nunua iliyokwisha kupimwa na kufungwa kwenye kasha la kampuni za upimaji kama PSA au SGC. Kwa dola 70, lenzi inatosha.

Na kadi adimu ya Honus Wagner ya mwaka 1909, mwenyeji wenu hapo Pittsburgh, usiiulize bei. Utaharibu siku.

Ngosha wa Houston

Nakazia hapo kwenye gereji. Mwenye nyumba wangu anazo tangu wakati wa Reagan, ananiuzia kila Krismasi.

Kisauni Minneapolis

Kahawa amesema kweli, lakini mnamsahau mtoto. Mwanangu naye anapenda kufungua pakiti, na hiyo raha ya kuchana karatasi haipo kwenye Clemente wa 1966. Ukimwambia ghafla basi, hakuna tena, utakuwa umebadilisha mchezo wake kuwa mchezo wako.

Mimi nilifanya hivi: boksi tumeacha, pakiti moja kwa wiki tumebaki nayo, na akimtaka mchezaji fulani tunamnunua yeye peke yake. Skenes wa kawaida ukimnunua hivyo ni hela ya chakula cha mchana. Kumtafuta ndani ya boksi ndiko kulikokula dola 1,430. Halafu yule ni mrushaji. Bega la mrushaji likipasuka, bei inashuka kabla hajafika hospitali. Clemente keshamaliza: vipigo 3,000 kamili, ndege ikaanguka naye tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa waliokumbwa na tetemeko Nikaragua. Ile ya 1973 ilitoka mwenyewe keshakufa. Hiyo bado naitafuta.

Lugave

Naongezea la jina. Satchel Paige kwenye Topps ya 1953 ameandikwa "Satchell", herufi moja ya ziada, na mtu mwenyewe alikuwa miongoni mwa warushaji maarufu kabisa nchini. Josh Gibson aliyechezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords hata hilo kosa hakulipata: alikufa Januari 1947, na kampuni kubwa za kadi hazikuwahi kumtolea kadi akiwa hai. Mei 2024 takwimu za ligi za Weusi zilipoingizwa kwenye vitabu vya ligi kuu, wastani wake wa kupiga wa .372 ukampita Ty Cobb aliyekuwa anaongoza. Ukitaka za zamani, jua pia nani hayumo.

Kijana mtafutie Gift Ngoepe. Msauzi, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, Aprili 2017, na jezi ilikuwa hiyohiyo ya Pirates. Mara yake ya kwanza kusimama kupiga, akapata kipigo. Mimi Mganda nilinunua kadi yake kwa dola mbili, haiuzwi. Sisi tuliokesha 2012 tukiwatazama watoto wa Lugazi, Uganda, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto pale Williamsport tuna udhaifu wetu.

Mtu wa Ngamiani

Mrejesho. Nimempata mzee kwenye maonesho ya leo. Nilikwenda na lenzi ya kusomea ya mke wangu na kadi ya 1966 niliyonunua kwa dola mbili meza ya jirani. Nikailaza juu, zikalingana pande zote. Mzee ananitazama anacheka, akasema wateja wake wengi hawafanyi hivyo, akapunguza ikawa 60.

Kijana ameinusa, anasema inanuka kabati la bibi. Akauliza huyu alipiga vingapi. Nikamwambia 3,000. "Elfu tatu na ngapi?" Elfu tatu basi. Hakuniamini, akaenda kuhakiki kwenye simu. Pakiti yake ya Ijumaa bado anaidai.

Boksi nimeacha. Anayetaka kadi za kawaida za 2024 na 2025 aje inboksi, alipie posta tu, nataka chini ya kitanda pawe peupe.

Mama Salha

Kadi wape wenzako. Mimi nitumie ndoo.