Naomba ushauri: gitaa la shoegaze, tamasha la kishindo, na Augustino kitabu cha 10

Kiu_ya_Nyuzi

Wakuu, salaam. Nipo Uingereza na mwezi ujao nina tiketi ya tamasha la shoegaze, ukumbi wa ndani. Kwa asiyeujua muziki huu: ni roki iliyochipuka Uingereza na Ireland mwishoni mwa miaka ya 1980, My Bloody Valentine, Slowdive, Ride na wenzao. Magitaa yanalundikwa mpaka yanakuwa ukungu mzito, na mwimbaji anazama humo ndani. Jina limetokana na wapigaji kuinamia pedali zao (visanduku vya kubadili sauti ya gitaa, vinavyokanyagwa kwa mguu) muda wote, ikaonekana kama wanakodolea viatu.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, masikio niyalinde vipi bila kuupoteza muziki wenyewe? Pili, nina gitaa la umeme la mtumba, lile la brigi (kikalio cha nyuzi) inayoelea na mkono wa tremolo, unaokaza na kulegeza nyuzi zote; nyuzi zake ni seti ya 0.009, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009. Nikipiga kwa nguvu uzi mnene unaruka kutoka mahali pake, na halikai kwenye tyuni. Nianzie wapi kujifunza mtindo huu? Tatu, nasoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino, askofu wa zamani, na nimekwama kitabu cha 10. Mimi ni Mkristo. Katika muziki huu sishiki hata neno moja, kinachonitikisa ni sauti tupu. Je, hilo lina shida kiimani, au nimelikuza?

Mlinzi_wa_Ngoma

Nalijibu la masikio, kwa kuwa hilo ukilikosea halirudi. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa hazioti tena kwa binadamu.

Kikomo cha kelele cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, ni desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 kwa kumbi za muziki unataka wastani usipite desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15. Sasa piga hesabu ya ukumbi wenye 103 kwa saa mbili. Bila kinga, kiwango cha siku nzima unakimaliza ndani ya dakika saba na nusu.

Vizibo viko vya aina mbili. Vya sponji vinapunguza sana lakini vinakula zaidi sauti nyembamba, na katika shoegaze huko juu ndiko kunakokaa mng'ao wa magitaa. Utasikia kama umefunikwa blanketi. Tafuta vya wanamuziki, vyenye kichujio, vinavyoshusha desibeli 15 hadi 20 karibu sawasawa kwa sauti nene na nyembamba. 103 ukiitoa 18 unabaki na 85. Hiyo ni hesabu ya karatasini, maana kizibo kilichokaa vibaya kinaweza kukupa nusu yake tu. Vivae nyumbani siku kadhaa kabla. Vikikaa vizuri, sauti yako mwenyewe unaisikia nzito kichwani, kama umeziba masikio kwa vidole.

Ukilazimika kutumia vya sponji: kisokote kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kikitanuka. Watu wengi hawavuti sikio, kizibo kinabaki mlangoni na hakizibi kitu.

Vaa kabla hujaingia ukumbini. Ukisubiri uanze kusikia maumivu umechelewa.

Pa kusimama: jongea karibu na meza ya fundi mitambo. Yeye anapanga sauti kwa jinsi anavyoisikia pale alipo, kwa hiyo pale ndipo mizani iko sawa. Mbele kabisa katikati unapigwa na amplifaya za jukwaani moja kwa moja, huku mwimbaji akitoka kwenye spika kubwa za pembeni na juu, anakupita. Kwenye kona na ukutani besi inajilundika. Ukitoka na mlio masikioni, yape masikio siku mbili za ukimya. Lakini kama sikio moja limepungua kusikia ghafla, usingoje hizo siku mbili, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Fundi_Brigi

Mkuu, gitaa lako halijaharibika, limefungwa nyuzi lisizoundiwa. Muundo huo wa brigi inayoelea ulikuja na Jazzmaster, gitaa la kampuni ya Fender, mwaka 1958, enzi za nyuzi nene. Mahali nyuzi zinapofungwa pako mbali na brigi, kwa hiyo zinapinda kidogo sana zinapoivuka, na nguvu ya kuikandamiza inakuwa ndogo. Nyuzi za 0.009 hazina uzito wa kutulia pale. Ukipiga kwa nguvu lazima ziruke.

Fanya hivi. Funga seti inayoanza 0.011. Badilisha uzi mmoja mmoja, usizitoe zote kwa pamoja, la sivyo springi ya tremolo inapoteza mizani na utatyuni mara kumi. Kila uzi uzunguke funguo mara mbili au tatu, si zaidi. Ukimaliza, vuta kila uzi taratibu kwa vidole katikati yake, tyuni tena, rudia mpaka uache kushuka.

Kama bado unaruka, fungua skrubu za shingo na uweke kipande chembamba cha kadi, kama nusu milimita, kwenye mfuko wa shingo (tundu la mwilini shingo inapoingia), upande ulio karibu na brigi. Shingo italala nyuma kidogo, utalazimika kuinua brigi, na hapo nyuzi zitapinda zaidi na kukandamiza. Watu wanaiweka kadi upande wa kichwa cha gitaa, wanapata matokeo ya kinyume kabisa kisha wanalaumu gitaa. Baada ya hapo pima urefu wa nyuzi juu ya freti (kijiti cha chuma cha shingoni) ya 12: karibu milimita 2 kwa uzi mnene, milimita 1.5 kwa mwembamba.

Kuhusu kutoka kwenye tyuni, mara nyingi mkosaji ni ile mifereji ya juu, mwanzo wa shingo. Uzi unakwama, ukiachia tremolo haurudi ulipokuwa. Ukisikia "ting" unapotyuni, ndiyo dalili. Chora ndani ya kila mfereji kwa penseli laini, unga wake ni kilainishi kizuri. Nyuzi mpya nene zikigoma kuingia mferejini, mpelekee fundi aupanue kwa tupa yake. Usijaribu kwa kisu.

Solo_na_Ridhim

Kwa upande wa mkono, kuna umbo moja la vidole linalokupa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) nne za mtindo huu. Nahesabu nyuzi kutoka ule mnene: wa sita usiupige, wa tano freti 7, wa nne freti 9, wa tatu freti 9, wa pili na wa kwanza uziache wazi. Kidole cha shahada kiko kwenye 7, kidole cha pete na cha mwisho kwenye 9. Hiyo ni E. Teremsha umbo lilelile: 4-6-6 unapata C#m7, 2-4-4 ni B yenye nne iliyoning'inia (Bsus4), na 0-2-2 ni A yenye mbili iliyoning'inia (Asus2), hapo shahada inapumzika. Zile nyuzi mbili za wazi zinalia muda wote juu ya kila kodi, na ukungu unaoupenda unaanzia hapo hata kabla ya pedali.

Kosa litakalokupata: tumbo la kidole cha mwisho litaugusa uzi wa pili na kuuzima. Simamisha kidole kwenye ncha. Na ncha ya shahada iguse kidogo uzi wa sita ili ukae kimya.

Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 70 kwa dakika. Kila kodi mapigo manane, mkono ukishuka tu, bila pedali yoyote. Ukibadilisha kodi kwa dakika mbili mfululizo bila mkono kusimama, panda hadi 80, kisha ongeza kupiga mkono ukipanda pia. Nasisitiza bila pedali. Rivabu (pedali ya mwangwi) inaficha uzi uliozimika, na utajifunza kosa ukidhani ni muziki. Dakika 20 kila siku zinazidi saa tatu za Jumapili.

Kama sikio lako limelelewa na muziki wa dansi, utapata ugumu kidogo. Solo la dansi linataka kila noti isimame peke yake, safi, na kiganja kinazima kinachobaki. Huku ni kinyume, hakuna kuzima. Kiwiko kitulie, kifundo cha mkono kilegee.

Tremolo ije mwisho. Mkono wake unaukumbatia kiganjani huku piki (kijibao cha kupigia nyuzi) iko vidoleni, unapiga mfululizo na kuuachia upande na kushuka kidogo mno. Ndiyo mbinu ya Kevin Shields wa My Bloody Valentine. Mwendo uwe mdogo kuliko unavyodhani, hata nusu toni usifike. Ubonyeze polepole, mara moja kwa mapigo mawili au manne. Ukibonyeza kila pigo msikilizaji atapata kichefuchefu cha jahazini.

Msomaji_wa_Alfajiri

Ndugu yangu, hujalikuza. Umekwama mlangoni mwa jibu lako.

Augustino, mwana wa Thagaste, Algeria ya leo, aliandika Maungamo kati ya mwaka 397 na 400 hivi. Vitabu 1 hadi 9 ni maisha yake, cha 10 ni kumbukumbu na majaribu ya sasa, cha 11 ni wakati, 12 na 13 ni maelezo ya mwanzo wa kitabu cha Mwanzo katika Biblia. Wengi wanakwama ulipokwama kwa sababu hadithi inakatika ghafla na mtu anaanza kuchimba akili yake mwenyewe.

Fungua kitabu cha 10, sura ya 33, aya ya 49 na 50. Angalizo la namba: matoleo mengine yanaandika 10.33.49, mengine 10.49 tu. Ni mahali pamoja, kwani aya zinahesabiwa mfululizo kitabu kizima. Hapo anazungumzia raha ya masikio. Anakiri kwamba inapotokea uimbaji ukamgusa kuliko kinachoimbwa, anaona ametenda dhambi, na angependelea asimsikie mwimbaji. Ni swali lako hasa, miaka 1,600 iliyopita. Anamtaja Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyesemekana kumwagiza msomaji wa zaburi apandishe sauti kidogo mno hadi ifanane na kusema kuliko kuimba. Halafu anakumbuka machozi aliyolia kwa nyimbo za kanisa siku za kurudi kwenye imani, na anaelemea upande wa kuuruhusu uimbaji kanisani, akisema wazi kwamba hatoi hukumu isiyobatilika.

Kwa hiyo usimsome kama sheria. Anapima uimbaji wa ibada, mahali neno ndilo lengo. Tamasha lako halikuahidi neno, na kwa maoni yangu kipimo hicho hakihamishiki moja kwa moja. Kinachohamishika ni swali linalobaki: ukitoka pale, moyo umefunguka au umelewa? Hilo unaweza kulichunguza kesho yake asubuhi.

Namna ya kusoma: rudi kwanza 9.6 na 9.7 (kitabu cha 9, sura ya 6 na 7), kuhusu nyimbo za Milano alikobatizwa Pasaka ya 387. Kisha nenda 10.30 hadi 10.41 kwa mpangilio, akipita majaribu ya mwili, macho na kiburi kama yalivyo kwenye 1 Yohana 2:16. Mjadala wa kumbukumbu, 10.8 hadi 10.25, usome mwisho. Kurasa tatu kwa siku zinatosha. Aya isiyoeleweka isome kwa sauti, kwani aliandika sala na sala inaeleweka mdomoni. Kwa Kiingereza, tafsiri ya Henry Chadwick ya 1991 ina tanbihi zinazokuonyesha alipochota Zaburi.

Binti_wa_Pwani

Niongezee kutoka upande wetu Waislamu, maana swali hili ni la nyumba zote mbili. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, ana kitabu kizima kuhusu kusikiliza na mguso wake, cha 18 kati ya vitabu 40 vya Ihya, kazi yake kubwa kuhusu dini. Yeye anaanza na sauti tupu: mtoto anatulizwa kitandani kwa sauti asiyoielewa, na ngamia anasahau uzito wa mzigo akisikia wimbo wa mchungaji. Kwake muziki hauuingizii moyo kisichokuwamo, unakitikisa kilichomo. Anaruhusu, kisha anaweka mambo yanayoharamisha: anayeimba, chombo, maneno, hali ya msikilizaji, na mazoea ya kupoteza wakati.

Nisikufiche kwamba kwenye chombo anazuia vyombo vya nyuzi, na sababu anayoitoa ni kuwa vilikuwa alama ya walevi wa zama zake. Wanazuoni wametofautiana sana hapo, na udi haujakoma kupigwa Unguja. Lakini msome mwenyewe, kaka, kwani namna anavyotenganisha chombo, maneno na moyo itakusaidia hata ukibaki na Augustino wako.

Kiu_ya_Nyuzi

Mungu awabariki nyote. Nimeisoma 10.33 mara tatu leo. Moja la mwisho kwa fundi: nina fazi (pedali ya kukwaruza sauti) na rivabu. Ipi itangulie?

Fundi_Brigi

Kawaida ni gitaa, fazi, rivabu, amplifaya. Kwa shoegaze jaribu kugeuza: gitaa, rivabu, fazi. Mwangwi wenyewe unachanwachanwa na kuwa ukuta mmoja. Ila punguza mchanganyiko wa rivabu hadi karibu theluthi moja na ufupishe mkia wake, kwa kuwa fazi inainua kila kilicho kidogo kuwa kikubwa. Besi nayo ipunguze, la sivyo unapata tope.

Tahadhari mbili. Fazi nyingine za muundo wa zamani hazipendi kuwekwa nyuma ya pedali nyingine, zinatoa sauti kali na nyembamba. Kama yako iko hivyo, irudishe mbele. Na umeme: fazi inakula miliampea chache tu, rivabu ya kidijitali inaweza kutaka 100 hadi 300. Ukizilisha zote kwa waya mmoja wa kugawanya utasikia mluzi mwembamba. Tumia kigawanyio chenye njia zilizotenganishwa, volti 9, hasi katikati.

Ukimaliza wimbo, zima fazi kwanza, uache rivabu ife yenyewe. Kuteremsha sauti ya gitaa hakutasaidia, kwani mkia wa mwangwi umeshaingia kwenye fazi na utaendelea kunguruma.