Mrejesho: yule mama wa Kayole mwenye mtoto asiyeongea

Wapendwa, mnanikumbuka? Niliuliza pa kumpeleka kijana wangu wa miaka 5, hasemi, chekechea wamemkataa na majirani wameshaanza habari za kurogwa. Wengi mlinituma KISE, ile taasisi ya elimu maalum kule Kasarani.

Tulienda. Mwalimu aliyempima hakuwa na haraka. Alikaa naye mkekani, akaficha funguo chini ya kikombe, kijana akazitoa mara moja huku akicheka. Kisha mwalimu akapiga makofi nyuma ya kichwa cha kijana. Hakugeuka. Sasa tumeelekezwa hospitali akapimwe masikio (foleni ya huko, bebeni chai).

116, ile simu ya msaada kwa watoto, nayo nilipiga. Ni bure kweli, haili salio.

Ila kilichoniinua zaidi ni kikundi cha wazazi kinachokutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa mtaani. Ni chama kama chama kingine, pesa zinazunguka, lakini mwenye mtoto wa kupelekwa kliniki anapewa zamu ya mbele hata kama si yake. Na wanashikiana watoto ili mama aende kibaruani. Hilo sijaliona kwingine.

Baba yake bado anasema ataongea tu mwenyewe. Huyo tutamalizana nyumbani.

Kilichobaki ni kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Aliyemchukulia mwanawe karibuni, uliombaje, na ilikaa muda gani kabla ya kutoka?