Tuta la bwawa linatoa maji kwa chini upande mkavu, nizibe?

Wakuu habari zenu. Nina bwawa la kumwagilia, tuta ni la udongo, kimo kama mita 5. Tangu lijae, upande mkavu kule chini pameloa, na leo asubuhi nimekuta kitundu cha ukubwa wa kidole kinabubujika na mchanga laini umejikusanya pembeni kama kichuguu. Fundi anasema matuta yote ya udongo yanavuja nisiwe na presha. Nizibe kwa saruji au nifungulie maji yote leo leo?

Jibu 1
Usizibe mkuu!! Ukiziba, maji yatatafuta pa kutokea pengine na presha ndani ya tuta inapanda. Fundi yuko sahihi nusu, kila tuta linapenyeza maji, hatari ni udongo unaotoka nayo. Chota kwenye glasi uache yatulie, ukiona tope chini ujue tuta linaliwa ndani, maji yanachomoa punje kuanzia kwenye kitundu halafu shimo linarefuka kurudi nyuma kuelekea bwawani, na njia ikishafupika maji yanazidi kasi. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, tarehe 5 Juni 1976 asubuhi waliona maji ya tope yanatoka, saa sita mchana haijafika tuta limeshabomoka, watu 11 walikufa. Watoe watu wanaokaa chini ya bwawa kwanza, mengine baadaye.

Jibu 2
Naongezea. Maji shusha, ila kama kitundu hakikui shusha taratibu. Mteremko wa upande wa maji umeshiba, na maji ya bwawa ndiyo yanaukandamiza usiteleze, yakiondoka ghafla yale ya ndani ya udongo yanakuwa bado hayajatoka basi unaporomoka. Bwawa la San Luis, California, 1981 ilitokea hivyo hivyo. Huku kwenye kitundu mwaga mchanga safi wa chengachenga, juu yake kokoto, kisha mawe, maji yapite udongo ubaki.

Muuliza
Glasi ina tope wakuu. Majirani wa bondeni wameshatoka, koki nimefungua nusu, mchanga unaletwa.

Jibu 3
Bomba la kutolea maji linapita wapi? Pembeni ya bomba udongo huwa haushindiliwi vizuri, maji yanapenda sana kulifuata. Na mwite injinia leo, sio kesho.

Muuliza
Nimepima sasa hivi, kitundu kiko sentimita 40 tu kutoka kwenye bomba. Injinia yuko njiani.