Naombeni neno la Kiingereza la "mshindani" lisilo na ukali

Doti_ya_Uhuru (mleta uzi)
Habari za leo wanajukwaa. Nauza kanga jumla na rejareja, Mtaa wa Uhuru, Dar. Wakala wangu wa India kaniuliza kuhusu mtu mwingine anayechukua mzigo kwake, nami nataka kumjibu kwamba huyo ni mshindani wangu. Kiingereza changu ni cha bei na ankara, cha maelezo kinanishinda. Kamusi imenipa "rival", "competitor", "opponent", "adversary" na mengine hata kuyatamka siwezi. Nataka neno lenye uzito kidogo, ila lisinifanye nionekane mgomvi. Anasubiri jibu leo. Msinipite jamani.

Mwalimu_Mstaafu
Karibu dada. Andika "competitor", kazi imekwisha. Hilo ni la sokoni: mnauza kitu kimoja, mnagombea wateja walewale, na ndani yake hamna chuki. "Opponent" ni wa mechi, mdahalo au kesi. Filimbi ya mwisho ikilia upinzani umeishia hapo. "Contender" ni anayewania taji na ana nafasi ya kulichukua. "Adversary" lina harufu ya mahakamani na vitani, usimpelekee mtu wa mzigo. "Enemy" ni adui kabisa, anayekutakia mabaya.

La kuangaliwa ni "rival". Asili yake ni Kilatini, watu wanaochota kijito kimoja. Ni mtu mnayelingana naye, mnafukuzana miaka, na mnachokigombea mara nyingi hakigawanyiki. Linafaa biashara, linafaa mpira, na linafaa mapenzi pia. Mhindi akilisoma ataanza kujiuliza kuna nini kati yenu.

Jangwani_Damu
Mwalimu umegusa penyewe. Yanga 1935, sisi ndio wa kwanza. Simba wakaja 1936, wakaitwa Sunderland mpaka 1971. Watangazaji wa nje wanatuita "rivals" na kuishia hapo. Sisi ni watani wa jadi! Marehemu babu alikuwa Yanga, bibi Simba. Wakifungwa Simba, babu anakwenda mwenyewe sokoni kununua samaki, anamwekea bibi mezani, anasema, "Kula mama, leo umefiwa." Wakifungwa Yanga, bibi anampelekea kahawa ya msibani. Waliishi hivyo mpaka wakazikwa.

Mnyama_Msimbazi
Babu yako alikunywa kahawa nyingi sana basi.

Mzigo_Bandarini
Turudi kwenye mada. Dada, mimi natoa mizigo, hawa mawakala nawajua. Ukilipa anapakia, mambo ya nani anashindana na nani hayamhusu. Amekuuliza nini hasa?

Doti_ya_Uhuru
Ameuliza kama sisi ni kampuni moja, ili aunganishe mizigo kwenye kontena moja. Basi.

Mzigo_Bandarini
Kampuni moja kivipi? Kaona nini?

Doti_ya_Uhuru
Majina ya ukoo kwenye ankara yanafanana.

Mzigo_Bandarini
Ahaa. Ni ndugu yako?

Doti_ya_Uhuru
Si ndugu. Ni mke mwenzangu. Nilijua nikisema mtaacha neno mtaingia kwenye ndoa, ndiyo maana nilinyamaza. Alifungua duka mtaa uleule, akamtafuta wakala niliyemhangaikia mimi tangu nauzia kibarazani, akaagiza kanga za pindo zilezile na mji uleule, yaani nakshi ileile ya katikati. Kama huo si ushindani niambieni ni nini.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mwanangu, pole. Mimi nimekaa uke wenza na kanga navaa, sikwambii la kusikia. Mwenzangu alipoletwa nilifunga chumba, sikula. Mama mkwe akaniambia, "Atakayekufa njaa ni wewe, yeye anapika." Nikatoka. Watoto wake wamenizikia wazazi wangu kama wao. Mrudie Mungu, zungumza naye.

Mpemba_Muscat
Huku Omani mke mwenza kwa Kiarabu ni "dharra", shina moja na madhara. Sisi tumemwita mwenza, kama mwenzako wa safari. Wazee walikuwa na heshima na ulimi.

Mlei_Kimara
Tazameni Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza, Hana na mke mwenzake Penina. Biblia ya Kiingereza ya King James, ya 1611, inamwita Penina "adversary", za karibuni zinasema "rival". Mwanamke ni yuleyule na uchokozi ni uleule. Kwa hiyo mleta uzi hujakosea kufikiria "rival", ila Hana aliyapeleka yake hekaluni, hakumwandikia wakala.

Mzigo_Bandarini
Dada bado hujasema unataka wakala afanye nini akishajua.

Doti_ya_Uhuru
Nataka asimuuzie. Na msinihukumu, maana nimeshalipa nusu ya robota jipya na nimemwambia mzigo huo ni kwa sharti hilo. Kanga zangu mwenyewe, nimechagua jina mwenyewe: ULINIKUTA UTANIACHA. Yeye ndiye aliyeanza. Alitundika HASIDI HANA SABABU nje ya duka, maandishi yameelekea mlango wangu, na kila jioni akifunga anaikunja taratibu akinitazama.

Wakili_wa_Mtaani
Hapo sasa ndipo penye swali. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani. Makubaliano ya kumfungia mtu soko yanaweza kukuletea maswali. Ingawa sheria inamhesabu mtu kuwa ametawala soko akishika sehemu kubwa ya soko hilo, na kwa Mtaa wa Uhuru ulivyo, nyote wawili hamfiki. Unachoweza kudai kwa haki ni nakshi yako na jina lako: ulizochora wewe asiwachapie wengine. Kumzuia mtu asinunue kabisa, wakala hatakubali, atakupotezea muda tu.

Nongwa_za_Kijiwe
Wakuu hii ni chai, tena ya maziwa. Leteni mihogo. Mwanzo alitaka neno, likaja jina la ukoo, akaja mke mwenza, sasa kuna robota limelipwa nusu. Kila mkiuliza sura mpya inafunguliwa. Na mume yuko wapi muda wote huu? Huyu ni mtunzi anajaribu hadithi yake kwetu.

Mnyama_Msimbazi
Kweli bwana, mume hajatajwa hata mara moja.

Jangwani_Damu
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Simba.

Bi_Mkubwa_Tanga
Nyie vijana, mwanamke anaeleza kidogokidogo kwa sababu anaona haya. Hamjui mnalolisema.

Nongwa_za_Kijiwe
Bibi, na mimi naomba picha ya hiyo kanga tu.

Doti_ya_Uhuru
Kanga haijachapwa, nitaitoa wapi picha? Nilichonacho ni sampuli ya karatasi waliyonitumia, na wamekosea, wameandika ULINIKUTA UTANIACHIA. Herufi moja imegeuza maneno yote, kama vile namwomba aniachie kitu! Nimeirudisha. Mume yuko safarini Mwanza na hajui, na sitamwambia mpaka mzigo ufike. Anayeona chai asinywe.

Mzigo_Bandarini
Hilo la herufi mtu hatungi. Nimewahi kutoa kontena zima la kanga zilizokosewa jina, mwenye mali alikaa juu ya mafurushi pale yadi analia.

Mwalimu_Mstaafu
Dada, basi badili jibu lote. Usitumie "rival" wala "competitor". Mwambie "she is another buyer", ni mnunuzi mwingine, na "please ship our goods separately", mizigo isafiri mbalimbali. Halafu sentensi ya pili, ile aliyosema Wakili, nakshi na jina ni vyako. Sharti la kumfungia mwenzako lifute.

Doti_ya_Uhuru
"Another buyer" nimelipenda, nimelituma sasa hivi pamoja na la mizigo. La nakshi nitaliandika usiku. Sharti nitalifikiria. Kanga siifuti, jina linabaki.

Mlei_Kimara
Fikiria sana dada.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mwanangu, sikubaliani na wewe hata chembe. Lakini zikifika niwekee doti mbili, utume Tanga kwa basi. Wakague herufi kwanza.