Mjadala: Mtu mmoja kuingia mchezoni na akaunti tano kwa mpigo, ni haki?

Mleta mada:
Wakuu, jambo hili limenikera muda mrefu. Naomba tulijadili kwa hoja.

Waliocheza World of Warcraft, ule mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, miaka ile kabla ya 2020 wanakumbuka. Unazunguka kutafuta mitishamba, unauona mmea, mara wanashuka wahusika watano waliojigeuza ndege, wamefuatana kama kivuli. Wote ni wa mtu mmoja. Anabonyeza kitufe mara moja, programu inakipeleka kwenye akaunti zote. Tangu toleo la Legion la 2016 mmea mmoja uliweza kuchumwa na wachezaji kadhaa, kila mmoja na fungu lake, kwa hiyo jamaa anaondoka na mafungu matano. Akiyamwaga mnadani bei inaporomoka. Wewe uliyehangaika saa mbili na mhusika mmoja unauza kwa bei ya kutupa.

Novemba 2020 Blizzard, wenye mchezo huo, walipiga marufuku programu hizo, ila akaunti nyingi wakaziacha. Mimi naona waliishia njiani. Ada Marekani ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi. Anayemudu tano analipa karibu dola 75 na anapata mikono mitano. Huko ni kununua ushindi. Msimamo wangu: mtu mmoja, akaunti moja kwa wakati mmoja, mchezo wowote ule.

Mchangiaji wa pili:
Hapo kwenye "mchezo wowote ule" ndipo tunapoachana, mkuu. Mimi nipo EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za angani, nasafirisha mizigo. Meli kubwa ya mizigo ni nzito mno, na haiwezi kuruka kwenda mbali mpaka ifikie robo tatu ya mwendo wake wa juu. Muda wote huo wavizi wanaopora mizigo wako langoni, pale pa kuvukia kwenda eneo jingine, wanakutazama. Akaunti yangu ya pili hutangulia kuchungulia lango la mbele, kisha huirushia meli yangu mwenyewe mtambo wa kupunguza mwendo. Mwendo wa juu ukishuka, ile robo tatu inafikiwa upesi, na meli inaondoka ndani ya sekunde chache. Hapo nimemwibia nani?

CCP, wenye mchezo, waliliona hili mapema. Tangu tarehe 1 Januari 2015 ni marufuku kubonyeza mara moja ukaamrisha meli kumi, lakini akaunti nyingi ni ruksa. Kila dirisha nalifungua kwa mkono wangu, na nikikosea dirisha moja, nazipoteza zote mbili. Tatizo ni ile programu. Idadi ya akaunti haina kosa.

Mleta mada:
Mfano wa meli umenigusa, nakubali ni kazi ya mikono kweli. Lakini mbona umeruka jambo moja? EVE ina akaunti za bure tangu Novemba 2016, na hizo huruhusiwi kuziwasha wakati akaunti yako nyingine iko ndani. Yaani hilo jicho la pili ni la mwenye kulipa tu. Kijana asiye na hela anapita lango lilelile, mbele ya wavizi walewale, akiwa peke yake. Kazi ikihitaji watu wawili, basi watafutwe watu wawili, ndiyo maana tunacheza mtandaoni na wenzetu. Nijibu kwa ukweli: ukikatazwa akaunti ya pili kesho, utaacha kusafirisha?

Mchangiaji wa pili:
Siachi. Nitatafuta mtu. Ila mimi nakaa kucheza saa saba usiku baada ya zamu, wenzangu wa kikundi wameshalala. Na EVE sheria zake zinaruhusu usaliti: huyo nitakayempa kazi ya kuchungulia lango anaweza kuwa ndiye anayewauzia wavizi habari zangu, na nikilalamika hakuna atakayenirudishia mzigo. Kuhusu wa akaunti ya bure, hapo sina jibu. Naye anastahili jicho la pili.