Naomba ushauri: tunataka kusoma jeni zetu wenyewe, bibi anauliza mate yake yako wapi

Assalaam aleikum wakuu. Niko Langoni, Lamu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza, visiwani huku kwetu. Wengi, upande wa mama asili ni ya Kiafrika, upande wa baba ni Uajemi zaidi. Barazani maneno hayakwisha wiki nzima, kila mtu na ukoo wake!

Sasa vijana saba tunataka kuunda kundi: tuandike nasaba za wazee, atakaye apimwe, na data ibaki kwetu.

Shida ni bibi. Zamani walikuja watu wa utafiti, akatema mate ya kupimwa jeni kwenye kichupa huku kajifunika leso kwa haya, kikabandikwa namba, akatia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Majibu mpaka leo hajapata. Tukitaja jeni tu, anauliza, "Mate yangu yako wapi?" Hatuna jibu.

Najua kibali cha utafiti hutoka NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi hapa Kenya, na sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Ila mliowahi kufanya: fomu ya ridhaa mliwasomeaje wazee, kwa Kiamu chao? Nikipimwa mimi, siri za ndugu zangu si zimetoka pia, na sijawauliza? Na majibu yakipingana na nasaba ya mtu, anaambiwa vipi? Huku ukoo unaulizwa hata kwenye posa.