Mama anataka titi litolewe lote. Waliopitia hili, nisaidieni

Binti wa Sengerema
Habari za jioni. Mama ana miaka 56. Alikuwa anaoga akagusa kitu kigumu titi la kushoto, hakiumi, akanyamaza. Majuzi kachukuliwa kipande cha nyama kupimwa: saratani, hatua ya pili, uvimbe sentimita 3. Karatasi inasema ER chanya, HER2 hasi. Daktari katupa njia mbili, kutoa titi lote au kutoa uvimbe tu halafu mionzi. Mama kasema "litoke lote, tumalize". Mjomba naye anasema lisiguswe na kisu kabisa, litasambaa. Jumatatu tunarudi. Niulize nini?

Mama Pacha
Pole mdogo wangu. Mimi nilitolewa la kulia 2019. Mjomba mwambie kisu hakisambazi. Watu wanafika hospitali titi limeshatoboka, wakifa lawama inabebwa na kisu.

ER chanya maana yake uvimbe unalishwa na homoni ya kike, na hiyo ni afadhali, kwa sababu ina vidonge. Mimi nilipewa tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka mitano. Joto la usiku usiniulize, nilikuwa nalala na kanga ya pili ya kubadilisha. HER2 ni protini inayokuza uvimbe, kwake ni hasi, basi ile sindano ya bei mbaya inayoilenga haimhusu, asije mtu akawauzia.

Ila hilo la "tumalize" ndilo lililoniponza. Nilitoa lote nikikimbia mionzi. Wakakuta saratani kwenye tezi za kwapani, mionzi nikapigwa vilevile! Na hakuna aliyeniambia mapema kwamba uvimbe ukiwa mdogo, kutoa uvimbe na kupiga mionzi kunampa mtu maisha yaleyale na kutoa titi zima. Marekani na Italia waliwafuatilia wanawake miaka 20 wakaona hivyo.

Nesi Mstaafu
Ulizeni kama tezi za kwapani zimepimwa, na kama ataanza na dripu za kemo ili uvimbe usinyae kabla ya upasuaji. Mama kama ameshakoma hedhi, huenda kidonge chake kisiwe tamoksifeni. Mionzi ipo hospitali ya Bugando hapo Mwanza, si lazima Ocean Road ya Dar es Salaam. Ni siku tano kwa wiki, kwa kawaida wiki tatu hadi tano. Daraja la Busisi la kuvukia ziwa lipo, lakini kwenda na kurudi kila siku atachoka. Mtafutieni pa kulala mjini.

Binti wa Sengerema
Asanteni. Nimempigia sasa hivi. Kumbe shida siyo titi! Mjini angelala kwangu, na anasema hawezi kuoga mwezi mzima nyumba moja na mkwe wake, bora likatwe. Nimemwambia mume wangu, kacheka, kasema atahamia kwa kaka yake Igoma mpaka mionzi iishe. Mama kajibu, "Basi Jumatatu tumsikilize daktari tena."